Alama Mbili za Mdeki

Gobore lilifika kituoni ndani ya gunia la mahindi, na lilinuka. Konstebo Arinda alilimwaga juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. Inspekta Aryemo hakuziba pua. Aliinama, akalikagua kama mama mkwe anavyokagua chakula cha mkamwana.

Mtutu ulikuwa umepasuka upande wa nyuma, pale panapokaa baruti. Chuma kilikuwa kimechanika na kukunjuka nje, na kwenye ubao wa kitako palikuwa na damu iliyokauka pamoja na kitu kingine cheupe ambacho Arinda hakutaka kukitazama.

"Mkono iko wapi?" Aryemo aliuliza.

"Mkono, afande?"

"Mkono ya Jonan. Ripoti yako inasema ilikatika."

"Walizika, afande. Kaka yake ni fundi wa mbao. Alitengeneza kasanduku kadogo."

"Kasanduku ya mkono?"

"Ya mkono, afande."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi asubuhi Jonan, mkulima wa Nyakiyumbu, alikwenda kwenye muhogo wake kuwinda ndezi waliokuwa wakimlia mizizi. Alifyatua mara moja tu. Gobore lilimlipukia usoni, likachukua macho yote mawili na mkono wa kushoto. Hakufa, ingawa daktari hakuwa na maneno ya matumaini. Kutoka kitandani Jonan alikuwa ametamka maneno manne, na Arinda aliyaandika kwa herufi kubwa: Ni Erina. Kamateni Erina. Erina alikuwa mke wake wa ndoa, na tangu Jumapili alikuwa mahabusu nyuma ya ukuta wa ofisi hiyo hiyo.

Simu ililia. Ni Kakuru, bosi wa Aryemo, kutoka Kasese.

"Gari inamchukua huyo mwanamke saa tisa kumleta kortini," alisema. "Nimekutuma Bwera kufunga faili, si kufungua. Mume ametaja jina. Mke ndiye anayeosha bunduki. Mke huyo huyo aliwaambia wanawake kisimani kwamba atafurahi siku itakapomuuma mumewe. Unataka malaika ashuke akusainie?"

"Nataka kuangalia vyuma, afande."

"Angalia haraka."

Aryemo alikata simu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Erina akipandishwa kwenye gari lile, kesi ilikuwa imekwisha: kujaribu kuua kama Jonan atapona, kuua kama hatapona, na hapana hakimu ambaye angeacha neno la mtu aliyetobolewa macho akasikiliza la mke aliyepigwa. Aryemo hakuwa mtu wa huruma, na wafungwa wa Kasese wangelithibitisha hilo kwa kiapo. Lakini alichukia kulishwa kazi iliyotafunwa na mtu mwingine.

Ndani ya gunia kulikuwa kumebaki kitu kimoja. Aliuvuta mdeki, ile fimbo ndefu nyembamba ya kushindilia baruti ndani ya mtutu. Ulikuwa wa mti mzito, mweusi kwa uzee, na karibu na mahali pa kushikia palikuwa na mikato miwili ya kisu, mmoja juu ya mwingine.

"Nileteeni mwanamke," alisema.

Erina aliletwa, mwembamba, wa miaka thelathini na ushei, mdomo umevimba kwa kipigo cha mashemeji waliomkokota hadi kituoni. Alikaa sakafuni bila kuambiwa.

"Ulisema utafurahi bunduki ikimuuma?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaweka mudomo ya hiyo bunduki hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Kama chakula imechelewa. Anaweka, anacheka. Hata kama haina kitu ndani, wewe huwezi kujua."

"Sasa umefurahi?"

Erina alifikiri. "Bado sijajua, afande."

Jibu hilo lilimpendeza Aryemo. Waongo wote aliowahi kuwahoji walilia walipofika hapo.

"Niambie namna unaosha."

"Nachemsha maji. Namwaga ndani kwa mudomo, inatokea kwa katundu ya moto, huku nyuma. Ya kwanza inatoka nyeusi, inanuka kama yai imeoza. Namwaga tu, namwaga tu, mpaka inatoka safi. Halafu naiweka kichwa chini ikauke. Mafuta ya ng'ombe anapaka Jonan mwenyewe, mimi hapana."

"Mara ya mwisho?"

"Jumatano."

"Na maji ilipita?"

"Yote ilipita."

Kama maji yalipita, basi Jumatano mtutu ulikuwa mtupu. Aryemo aliandika hivyo.

"Kutoka Jumatano mpaka Jumamosi, nani aliingia chumba yenu?"

"Hakuna mutu. Shemeji tu, Maate. Alhamisi alikuja kurekebisha mlango, sisi tulikuwa shamba."

Aryemo alimwonyesha mdeki. Erina alirudisha mikono yake nyuma.

"Hiyo sigusi. Hiyo ni ya baba yao. Ilikuwa mpini ya mkuki ya mzee. Mzee alipokufa, Maate akachukua chuma, Jonan akachukua mti. Jonan akaukata, akatengeneza hiyo. Maate alilia kama mutoto. Anasema huwezi kukata kitu ya baba. Mwaka muzima hawakusalimiana."

"Na shamba la mzee?"

"Ile ya kando ya barabara, Jonan alipewa. Maate akapewa ya mlimani, mawe matupu."

Kila mtu Bwera alijua kwamba mhunzi Sowedi hutengeneza masufuria, na kila mtu alijua pia anachotengeneza akishafunga mlango wa mbele. Aryemo aliingia kwa mlango wa nyuma. Alilitupa gobore juu ya fuawe, yaani kile chuma ambacho mhunzi hupigia kazi yake.

"Afande, miye niko mutu wa masufuria," Sowedi alisema kabla hajaulizwa.

Aryemo aliushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya fuawe, akaokota nyundo kubwa na kuiegemeza juu ya kidole gumba. Hakupiga. Aliacha uzito wa nyundo ufanye kazi.

"Hii iko sufuria?"

"Hapana, afande."

"Nani alitengeneza?"

"Ni miye, afande. Toa nyundo, nitasema."

Aliiacha nyundo pale pale. "Sema nikiwa nimeshika. Mbona ilipasuka? Ulimuuzia bomba ya maji?"

Sowedi aliutazama ule mpasuko, na ghafla hofu ilimtoka, ikaingia hasira ya fundi aliyetukanwa.

"Bomba ya maji? Miye? Angalia unene ya hapa nyuma! Mutu akikuja kwangu, kwanza namuuliza, unawinda nini? Akisema ndezi, kanga, sungura, namupa mudomo mudogo. Ile munene inapasua nyama, unapeleka bibi manyoya matupu. Halafu namuambia agonge na kisu. Ikilia kengele, iko muzima. Ikilia chungu, aache. Jonan aligonga yangu asubuhi muzima. Alikuwa mutu mubaya, ule, lakini bunduki alijua kuichunga. Kila mwezi alikuwa analeta, nafungua kizibo ya nyuma, naangalia kutu. Hakuna kutu hata siku moja!"

"Basi?"

"Basi ni baruti mbili. Mutu alishindilia moja, akashindilia ingine juu yake."

"Jonan alikuwa mulevi?"

"Hata mulevi anapima." Sowedi aliuonyesha mdeki kwa kidevu, maana mkono haukuwa wake. "Hizo alama mbili kila mutu anakata mwenyewe siku ya kwanza. Unaingiza fimbo mpaka chini. Alama ya juu ikilingana na mudomo ya bunduki, iko tupu. Ukiisha kupakia, inalingana ile ya chini. Jonan hapakii bila kupima. Hapana, afande. Ningekubali unipige."

Aryemo aliondoa nyundo. Alilisimamisha gobore, mdomo juu. Lilikuwa limepasuka ubavuni, lakini urefu wake ulikuwa ule ule na kizibo cha nyuma kilikuwa bado mahali pake. Alitumbukiza mdeki hadi ukagonga chuma chini.

Mtutu ulikuwa mtupu, kwa hiyo alama ya juu ilipaswa kusimama sawasawa na mdomo. Haikusimama. Ilizama ndani ikapotea. Aryemo alibana mti kwa ukucha pale ulipokutana na mdomo, akauinua hadi alama ikatokea, akapima kutoka ukucha hadi alama: vidole vinne.

Sowedi alikuwa akisugua gumba lake. Aliacha.

"Fimbo imekuwa fupi," alisema.

"Fimbo ni sabuni, inapungua?"

"Wameikata. Afande, wameikata huku chini."

Yote yakawa wazi. Mtu alishindilia baruti na marisau, zile risasi ndogo, kwenye mtutu mtupu, vikajaza vidole vinne, kisha akakata vidole vinne kutoka ncha ya mdeki. Jumamosi asubuhi Jonan alipima kama alivyopima kila siku ya maisha yake. Alama ikamwambia mtutu ni mtupu, naye akaiamini kwa kuwa aliikata kwa mkono wake. Akapakia mara ya pili juu ya ile ya kwanza, akaweka kitako begani na shavu karibu na chuma. Uangalifu wake wenyewe ndio uliomtoboa macho.

Aryemo aliuchomoa mdeki akaitazama ncha. Ilikuwa nyeusi. Alichota maji kwenye karai la Sowedi akaimwagia na kusugua kwa kidole. Masizi ya baruti huyeyuka, na hunuka yai bovu kama Erina alivyosema. Weusi huu haukuyeyuka, wala haukunuka yai.

"Nusa," alimwambia Sowedi.

Sowedi alinusa. "Hii haiko baruti. Ni rangi ya mbao. Ile wanapaka sanduku ya wafu."

Karakana ya Maate ilikuwa Nyakiyumbu, pembeni ya barabara, na Aryemo alifika saa sita na robo akiwa amepakiwa kwenye pikipiki. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa jeneza jipya limesimamishwa mlangoni, refu, jeusi, rangi bado inang'aa umajimaji.

"Karibu, afande," Maate alisema. Alikuwa mtu mzima wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, na alifuta benchi kwa shati lake ili mgeni akae.

"Hii ya nani?"

"Ya Jonan, ndugu yangu."

"Jonan hajafa."

"Daktari alisema tujitayarishe. Nilimupima jana na kamba, akiwa amelala. Hakujua." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Kutoka hapa nakwenda kumulisha. Bibi yake iko kwenu, nani mwingine atamulisha? Mimi tu. Asubuhi uji, saa saba uji."

"Wewe ndugu mzuri."

"Damu ni damu, afande. Huyo mwanamuke munampeleka leo?"

"Saa tisa."

"Mungu awabariki."

Aryemo alitembeza macho ukutani. Misumeno miwili, randa, patasi tano. Mipini yote ilikuwa ya mkaratusi, myeupe, ya kununua. Isipokuwa mmoja. Kwenye kile chuma kidogo chenye ncha cha kutobolea matundu ya misumari, mpini ulikuwa mfupi, mweusi kwa uzee. Vidole vinne.

Alifungua mkanda wake. "Fundi, hii imelegea. Nitobolee tundu moja."

Maate alinyoosha mkono bila kufikiri, akakichukua kile chuma, akatoboa ngozi kwa mzunguko mmoja safi. Aryemo alikipokea kutoka mkononi mwake kama anayetaka kukitazama. Alitema mate pale chuma kilipoingia kwenye mti, akasugua kwa gumba. Gumba likawa jeusi. Alilinusa.

Yai bovu.

"Mti gani hii?"

"Mti tu."

"Nimeipenda. Nipe."

"Chukua ile patasi, afande, ni mupya. Hii nimeizoea."

"Nataka hii."

"Afande, hii hapana." Kwa mara ya kwanza sauti ya Maate ilipanda.

Aryemo alikitia kile chuma mfukoni, akafunga mkanda kwenye tundu jipya. Ulimkaa vizuri. "Chukua uji," alisema. "Twende wote tukamulishe ndugu yako."

Kwenye wodi Jonan alikuwa amelala chali, kichwa kizima kimefungwa bendeji isipokuwa pua na mdomo. Maate alikaa kitandani, akafungua chupa ya uji, akajaribu joto kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kumpa. Jonan alifungua mdomo na kufunga, alifungua na kufunga.

"Jonan," Aryemo alisema. "Mimi ni polisi. Nipe mkono yako." Alikuwa amekwisha kung'oa kile chuma. Alikiweka kipande cha mti katika kiganja cha kulia, kile kilichobaki. "Hii ni nini?"

Vidole vilikizungusha polepole. Vilifika mahali, vikasimama, vikarudi.

"Ya mzee," Jonan alisema. Sauti ilikwaruza. "Hapa kuna mistari tatu. Mzee alikata, moja moja, kwa nguruwe tatu aliua na mkuki. Hii ni chini ya fimbo yangu. Nani amekata fimbo yangu?"

"Mwenye kukata fimbo ndiye alipakia bunduki yako. Alikata ili upime vibaya."

"Erina."

"Hii nimetoa kwa karakana ya Maate. Saa hii. Alikuwa ameiweka mpini."

Kijiko kilisimama hewani. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa. Aryemo alimtazama Maate akasubiri, kwa sababu kipande cha mti cha vidole vinne mtu hukitupa motoni na kikawa majivu kabla chai haijachemka, na huyu hakukitupa. Alikata mkono wa ndugu yake, akautengenezea kisanduku. Kipande hiki alikiweka karibu na mkono wake kila siku.

"Mbona hukuichoma?" alimuuliza.

Maate aliutazama uji. "Ningeichomaje?" alisema. "Ni ya baba."

Aryemo aliandika maneno hayo kama yalivyo, na saa.

Kisha mdomo wa Jonan ukajongea tena.

"Afande. Andika ni Erina."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Sina macho, masikio niko nayo." Alimeza mate kwa shida. "Huyu ni mutoto ya mama yangu. Nikifa nani atanizika? Bibi ni mutu wa kutoka nje. Andika Erina. Macho imepotea ni yangu, mimi nimesema."

Ubaridi wa maneno hayo ulimfika hata Aryemo, ambaye alidhani amekwisha kusikia yote. Alimpokonya kile kipande, akautoa mdeki kwenye gunia alilokuja nalo, akakwangua rangi kwa ukucha na kuvikutanisha vipande viwili palipokatwa. Nyuzi za mti ziliingiana, mstari kwa mstari, bila pengo. Alimwita muuguzi aje atazame, na mgonjwa wa kitanda cha pili atazame, akaandika majina yao.

"Mti umekwisha kusema, Jonan. Wewe pumzika."

Alimfunga Maate pingu kijiko kikiwa bado mkononi. Uji ulimwagika kwenye shuka. Walipofika mlangoni Aryemo aligeuka mara moja. Jonan alikuwa amefungua mdomo, akisubiri kijiko kingine.

Saa nane na dakika arobaini Arinda alimrudishia Erina ndala zake na kitambaa cha kichwa. Kakuru alikuwa ametukana kwenye simu kwa lugha tatu, kisha akauliza jina la Maate linaandikwaje.

Aryemo alimweleza Erina kila kitu palepale kwenye ngazi ya kituo: mdeki, rangi, mpini. Angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Alimweleza pia maneno ya mwisho ya mumewe, neno kwa neno, pamoja na lile la mtu wa kutoka nje.

Erina alisikiliza huku akifunga kitambaa. Alikifunga vibaya, akakifungua, akakifunga tena.

"Nani anamulisha sasa?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

Mbele ya kituo barabara iligawanyika. Kushoto ni hospitali, mwendo wa robo saa kwa miguu. Kulia ni mahali pa kusubiri magari ya Katwe, ambako mama yake Erina alikuwa akivuna chumvi ziwani tangu yeye hajazaliwa. Erina alisimama katikati akitazama kushoto, na Aryemo, ambaye hakuwahi kumwombea mtu kitu, alijikuta ameshika mkanda wake kwa nguvu.

"Afande," Erina alisema, "asubuhi uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza vingi."

"Uliniuliza kama nimefurahi. Nilisema sijajua." Aligusa nyuma ya sikio, pale mdomo wa bunduki ulipozoea kukaa. "Sasa nimejua."

Akashika njia ya kulia.